ALIYEUMIA UTI WA MGONGO: TUMSAIDIE AJITEGEMEE

Mwezi huu tuzungumze juu ya ndugu zetu walioumia uti wa mgongo. Mmoja ameanguka kutoka juu ya mwembe, mwingine amepata ajali ya pikipiki au ya basi, mwingine ameporomokewa na kifusi machimboni. Ndani ya uti wa mgongo hupita mshipa mkuu wa fahamu. Huo ndio unaopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ukikatika au ukipondeka, sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha hupooza na kufa ganzi, na mara nyingi haipati nafuu kamili.

Zamani watu hawa walikufa mapema. Wengi hawakuuawa na mfupa uliovunjika, bali na vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuwatibu katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kisha wafanye kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 askari wa zamani 16 waliopooza walishindana pale kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Huo ndio mwanzo wa michezo ya Paralimpiki.

Upendo unaodhuru

Je, nyumbani kwetu mambo yakoje? Akirudi kutoka hospitali, mama anamwogesha, dada anamvalisha, kaka anambeba. Tunafanya hivyo kwa upendo. Lakini mtu anayefanyiwa kila kitu hudhoofika mikono, hukata tamaa, na hajifunzi kuulinda mwili wake. Siku msaidizi akisafiri, taabu inaanza.

Akishatoka hospitali si mgonjwa tena. Ni baba, ni mke, ni kijana wa nyumba. Kama mikono yake ina nguvu, aachwe aoge, avae na ahame mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kutumia ubao laini. Atachelewa; mvumilieni. Kama mikono nayo imepooza, basi yeye ndiye aelekeze namna ya kumsaidia.

Ngozi

Kwa kuwa hasikii maumivu, macho yake yafanye kazi ya ngozi. Asubuhi na jioni ajikague kwa kioo kidogo: matako, nyonga, visigino. Mahali palipokuwa peusi zaidi, pa moto au pagumu ni dalili ya kidonda. Asipakalie wala kupalalia mpaka parudi kawaida. Akiwa kwenye kiti, kila nusu saa au kabla yake, ajiinue kwa mikono au ainame mbele kwa dakika 2 hivi. Akalie mto mzuri, si ubao mtupu. Asiweke sufuria ya moto mapajani, na maji ya kuoga ayapime kwa mkono wenye hisia.

Mkojo na choo

Wengi hufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mpira utunzwe kama alivyoelekezwa. Asijinyime maji ya kunywa ili kukwepa kazi hiyo, kwani figo zitaumia. Kwa choo, achague saa moja ile ile kila siku, baada ya kula. Mwili utazoea, naye ataweza kwenda safari bila hofu ya aibu.

Nyumba

Ngazi moja tu yaweza kumfunga mtu ndani. Jengeni njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Kazi hii jumuiya yaweza kuimaliza Jumamosi moja, nyumbani na hata kanisani. Kwa njia zetu za vumbi na mawe, kiti cha magurudumu matatu huenda vizuri kuliko kile chenye vigurudumu vidogo vya mbele.

Kazi na ndoa

Fundi cherehani aweza kuendelea na kazi kwa cherehani ya mkono. Mama aweza kupika ikiwa meza ya jiko itashushwa usawa wa kiti. Wengine hutengeneza simu, hufuga kuku au huuza duka. Mtoto arudi shuleni. Mwanamke aliyepooza miguu aweza kushika mimba na kujifungua chini ya uangalizi wa hospitali. Mwanamume naye asione haya kumwuliza daktari, msaada upo.

Msichelewe

Mpelekeni hospitali akiwa na homa, mkojo mchafu wenye harufu kali, au kidonda. Aliyeumia juu, kifuani au shingoni, akiumwa kichwa ghafla huku akitoka jasho, mketisheni wima mara moja, legezeni nguo na kuhakikisha mkojo haukuziba. Kisha, kama hali haitulii, mkimbizeni hospitali, maana shinikizo la damu laweza kumwua.

Basi leo, kabla ya kumfanyia jambo lo lote, mwulizeni kwanza: "Hili unaliweza mwenyewe?"