Fahamu: Mapambo ya kulipia ndani ya gemu iliyokwisha kununuliwa

Pambo la gemu ni vazi, rangi au nakshi inayobadilisha mwonekano wa mhusika bila kumwongezea nguvu. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi katika gemu ya Oblivion kwa dola 2.50, wachezaji wakalalamika, tena kwa haki. Gemu ya Diablo IV ya 2023 iliuzwa takriban dola 70, na bado ndani yake kuna duka la mavazi. Linganisha na nguo halisi: jezi ya mtumba iliyonunuliwa Tunduma huvaliwa, huazimwa, hata huvushwa mpaka hadi Nakonde, Zambia, ikauzwe tena. Pambo la gemu hubaki kwenye akaunti, na seva ikizimwa laweza kutoweka. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini bei kubwa iliyotajwa waziwazi, peke yake, si upotoshaji.