« Classe 1 » haiko « première classe »: tusome etiketi ya laser

Mu soko moja ya hapa Kolwezi tulisimama karibu na muuzaji wa mashini za DVD za occasion. Papa mumoja, angali na kofia ya kazi chini ya mukono, alikamata mashini, akaigeuza, akasoma ku nyuma, akafurahi: « Aone, iko classe 1! Hii njo première classe. » Muuzaji hakubisha. Bei ikapanda kidogo.

Tusimucheke ule papa. Hata sisi tuliwaza vile zamani. Ku treni, première classe njo yenye viti vizuri. Ku masomo, wa kwanza njo amepita wengine wote. Ku laser, hesabu inageuka: 1 njo mwanga wenye hatari kidogo kabisa, 4 njo wenye hatari kubwa. Etiketi haisemi kama mashini ni nguvu ao kama itadumu. Inasema tu jicho la mutu linaweza kupata nini mbele yake.

Wengi wanaijua kwa sura. Mara nyingi imeandikwa kwa luga ine: CLASS 1 LASER PRODUCT, LASER KLASSE 1, LUOKAN 1 LASERLAITE, KLASS 1 LASERAPPARAT. Ile « Luokan » inafanana na jina la mutu wa kwetu, lakini ni luga ya Finlande, na maneno yote ine ni neno moja tu.

Laser ya kwanza iliwaka Marekani mu mwezi wa tano 1960, juma chache mbele ya uhuru wetu. Mwanga wake hautawanyike sawa ule wa ampule. Unaenda mustari moja, na ukiingia mu jicho, jicho lenyewe linaukusanya pahali padogo sana ku nyuma, kwenye ile ngozi ya ndani inayopokea picha. Pale njo inaunguza. Kwa sababu hiyo wakubwa wa mambo hayo walipanga madaraja. Classe 2 haipite miliwati 1, na inaonekana: jicho linajifunga lenyewe mu robo ya segonde, mutu anaokoka. Classe 3R inafika miliwati 5. Classe 3B inafika 500, na mwanga wake ukikuingia moja kwa moja ni hatari. Juu ya pale ni classe 4, yenye kuweza kuunguza hata ngozi ya mukono na kuwasha karatasi.

Sasa jambo lenye watu wengi hawajue. DVD yako iko classe 1 *kwa sababu imefungwa*. Mu ndani yake kunaweza kuwa laser ya nguvu zaidi. Ku zile zenye kuandika disque, inaweza kuwa ya 3B. Lile sanduku njo linalinda. Ukitoa vis, ukaondoa kifuniko, ukaacha moto ukiingia, ile etiketi ya ku nyuma haisemi tena ukweli juu ya kile kiko mbele yako. Ndiyo maana mara nyingi kuna etiketi ya pili mu ndani, ya njano, yenye kuandikwa kwa Kifaransa « rayonnement laser invisible ». Invisible, ni kusema hauione: mwanga wenye kusoma CD unakaribia kuwa giza kwa macho yetu, basi jicho halijifunge.

Na tunajua mafundi wetu wa mu quartier, tunawapenda, wanatuokolea franga. Lakini mangapi wanainamisha uso juu ya kile kilenti kuangalia « kama inawaka »! Fundi, usiangalie toka juu. Weka disque, ona kama inazunguka. Ukitaka kabisa kuona mwanga, kaa mbali, kwa pembeni, na uangalie ku ekran ya telefone kupitia kamera yake. Na watoto wasikuzunguke.

Wachimbaji wataelewa kwa mufano wa kusudure. Mwenye kuangalia sudure bila maski, usiku macho yanamuwasha sawa vile muna muchanga, na kesho hatarudilia. Maumivu yanamufundisha. Laser haifundishe vile, juu ile ngozi ya nyuma ya jicho haisikie maumivu. Mutu anaona tu doa jeusi mu katikati, pale pale anapotaka kusoma, na linaweza kubaki. Kwa dereva wa camion-benne, kwa mutu wa forage, ile doa itaonekana siku ya visite médicale wakati daktari anamulomba asome herufi ku ukuta. Nyumba nzima inakula juu ya lile jicho.

Kuliko DVD, tunaogopa zaidi zile kalamu za laser zenye mwanga wa kijani, zenye watoto wanachezea usiku. Mu 2013, maabara ya serikali ya Marekani ilitangaza kama ilipima kalamu 122: karibu 90 kwa mia za kijani zilipita kipimo, na 44 kwa mia za nyekundu. Ni kusema, etiketi nayo inaweza kudanganya. Isiyo na etiketi kabisa, tuihesabu kama 3B na isiingie mu nyumba.

Taa ya kichwa ya papa haiko laser, ni LED, na ina makundi yake toka 0 mupaka 3. Moto ukikatika, mutoto asome nayo, hakuna shida, lakini imulike daftari, isielekezwe mu macho ya mudogo wake.

Na mwenye amekwisha kuona doa lenye halitoke? Daktari wa macho, bila kukawia. Maziwa ya mama na majani hayafike ku nyuma ya jicho.

Ule papa wa soko tulimuelezea yote hayo. Akageuza mashini tena, akahesabu vis za kifuniko. Mbili zilikosa. Bei ikashuka.