Waliopewa idhini ya kuzika tu: Loji ya Waafrika ya Boston na kazi yake kwa jamii

Katika miji yetu, neno Frimasoni aghalabu hutamkwa kwa kunong'ona. Wapo wanaoliogopa kama wanavyoogopa uchawi, na wapo wanaolitamani kama wanavyotamani bahati nasibu. Matapeli wameyatambua yote mawili. Hubandika vikaratasi kwenye nguzo za umeme na kutuma ujumbe wa simu, wakimwahidi kijana utajiri wa siku chache iwapo atatanguliza ada ya kujiunga. Kijana hutuma karo yake au mtaji wa mama yake, na baada ya hapo simu ya upande wa pili haipatikani tena.

Makala haya hayamwaliki mtu kujiunga na chama hicho. Msimamo wa wanazuoni unajulikana: mwaka 1978 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka lilitoa uamuzi kuwa chama hicho hakipatani na Uislamu, na Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limekwisha kuwakataza waumini wake tangu mwaka 1738. Lakini hukumu ya kujiunga ni jambo moja, na kuijua historia ni jambo jingine. Dini yetu imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuieneza, na kumfanyia uadilifu hata yule tusiyekubaliana naye. Asiyeijua habari ya kitu huwa mateka wa kila anayekizungumzia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuiache minong'ono kidogo tuitazame loji moja tu, yaani tawi moja la chama hicho, ambayo kumbukumbu zake zimehifadhiwa na matendo yake yanajulikana. Ni loji iliyoanzishwa na Waafrika katika mji wa Boston, Marekani, zama za utumwa.

Mlango uliofunguliwa na askari wa kigeni

Frimasoni wenyewe huuhesabu mwanzo wa chama chao kuwa ni mwaka 1717, loji nne za London zilipoungana. Alama zao, bikari na kipimo cha pembe, wamezichukua kwa waashi wa kale wa mawe. Katiba yao ya mwaka 1723 ilimtaka mwanachama awe anamwamini Mungu, bila kumfunga na dini maalumu, na awe mtu aliyezaliwa huru. Sharti hilo la kuzaliwa huru lilikuja kuwa kisingizio kikubwa cha kuwafungia mlango watu weusi, kwani wengi wao walizaliwa utumwani kwa dhuluma, si kwa khiari.

Mmoja wa waliopitia utumwa huo ni Prince Hall. Alimilikiwa na mtengenezaji ngozi wa Boston aliyeitwa William Hall, akaachwa huru mwaka 1770. Baada ya hapo aliishi kwa kazi ileile ya ngozi. Hati moja ya mwaka 1777 ingali inaonyesha alivyodai malipo ya ngozi tano za ngoma alizolitengenezea jeshi. Hakuwa mwanazuoni wala mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa fundi, mlipa kodi, na mtu aliyeijua kalamu.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za chama chao, tarehe 6 Machi 1775 Prince Hall na Waafrika huru wenziwe 14 waliingizwa katika loji ya askari wa Kiingereza waliokuwa na kambi mjini humo. Wazungu wenyeji, waliokuwa na loji zao miaka mingi, hawakuwapokea. Mwezi uliofuata vita vya uhuru wa Marekani vikaanza, na Machi 1776 jeshi la Uingereza likaondoka Boston. Waafrika wale wakabaki na idhini ndogo: wakutane, waandamane katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na wazike wafu wao. Hawakuruhusiwa kuingiza wanachama wapya wala kupandishana daraja.

Msomaji wa Kiislamu hahitaji kuelezwa uzito wa idhini hiyo ya kuzika. Kwetu maziko ni faradhi ya kutoshelezana; jamii ikiyaacha, dhambi ni ya wote. Kwa mtu ambaye jana alihesabiwa pamoja na meza na farasi katika orodha ya mali, kusindikizwa kaburini na ndugu waliopanga safu kwa heshima kulikuwa ni kuutangazia mji mzima kwamba aliyekufa ni binadamu.

Waliishi na idhini hiyo miaka kadhaa. Mwaka 1784 Prince Hall aliandika London moja kwa moja kuomba hati kamili. Hati ilitolewa tarehe 29 Septemba mwaka huohuo, lakini ilifika mikononi mwake tarehe 29 Aprili 1787. Tangu hapo wakajulikana rasmi kuwa Loji ya Waafrika Namba 459.

Kalamu mbele ya wenye mamlaka

Lililoifanya loji hii ikumbukwe si ibada zake za ndani, bali ni yale waliyoyafanya wanachama wake hadharani. Silaha yao kuu ilikuwa waraka wa maombi.

Wa kwanza waliuwasilisha Januari 1777 mbele ya watunga sheria wa Massachusetts. Prince Hall na wenziwe saba waliomba utumwa ukomeshwe. Hoja yao ilikuwa ya kumfunga mtu kwa kamba aliyoisokota mwenyewe: kila neno ambalo Wamarekani walilitumia kudai uhuru wao kutoka kwa Mwingereza, lilikuwa na nguvu zaidi kinywani mwa mtumwa. Watunga sheria hawakulitekeleza ombi hilo. Hata hivyo hoja haikufa. Mwaka 1783 mahakama za jimbo hilo ziliukatalia utumwa msingi wa kisheria, na hesabu ya watu ya mwaka 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Januari 1787 walipeleka ombi jingine, safari hii Waafrika zaidi ya 70 wakitaka wasaidiwe kurejea Afrika. Halikufanikiwa. Oktoba mwaka huohuo wakarudi na ombi la tatu, nalo lilihusu watoto, kama tutakavyoona.

Kisha likatokea tukio la Februari 1788. Waafrika watatu huru walirubuniwa kwa kazi ya melini hapo Boston, wakafungiwa ndani na kupelekwa visiwa vya Karibi kuuzwa. Mmoja wao alikuwa mwanachama wa loji. Prince Hall na wenziwe waliandika waraka wenye tarehe 27 Februari. Hawakuomba tu ndugu zao warejeshwe. Walihoji vipi bandari ya watu wanaojiita huru iendelee kuzipokea meli zinazofanya biashara ya binadamu. Makasisi wa mji nao wakaongeza sauti zao. Gavana John Hancock na balozi mdogo wa Ufaransa wakaandika barua kwa wakuu wa visiwa hivyo.

Tarehe 26 Machi, ndani ya mwezi mmoja, Massachusetts ilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya watumwa na kuzipa haki ya fidia familia za waliotekwa. Kabla mwaka haujaisha, wale watu watatu walikuwa wamerudi Boston kwa jamaa zao. Kama isingekuwapo jumuiya iliyowajua kwa majina na yenye mtu wa kuandika, huenda kupotea kwao kungepita kimya.

Kodi yao, shule ya wengine

Ombi la Oktoba 1787 lilihusu elimu. Waafrika wa Boston walilipa kodi kama wengine, lakini watoto wao hawakufaidika na shule za umma. Waliomba haki hiyo wakakataliwa. Prince Hall hakuacha. Katika hotuba aliyoitoa mbele ya loji mwaka 1792, iliyochapishwa baadaye, aliwasihi wazazi wasikate tamaa kwa kukosa shule.

Mwaka 1798 shule ya watoto wa Kiafrika ilifunguliwa katika nyumba ya Primus Hall mjini Boston. Haikuwa ya serikali. Ilisimama kwa michango. Mwaka 1808 ikahamia chini ya Nyumba ya Mikutano ya Waafrika, jengo lililofunguliwa mwaka 1806 na ambalo lingali limesimama hadi leo. Jamii hiyo iliendelea kudai, kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1855 sheria ya jimbo ikapiga marufuku kuwatenga watoto wa shule kwa sababu ya rangi. Kutoka ombi la 1787 hadi sheria hiyo ni miaka 68. Walioanza kudai hawakuishi kuyaona matunda.

Hotuba nyingine ya Prince Hall, ya Juni 1797, inatuonyesha hali waliyoishi humo katikati. Alieleza jinsi watu weusi walivyotukanwa na kupigwa katika mitaa ya Boston, hasa siku za mapumziko. Akawausia subira, lakini si subira ya kukata tamaa: aliwakumbusha Haiti, ambako miaka sita nyuma watumwa walikuwa wameinuka dhidi ya mabwana zao. Aliwakumbusha pia Nabii Musa, ambaye pamoja na cheo chake alilikubali shauri la mkwewe, aliyetajwa na Prince Hall kuwa ni Mwafrika. Alitaka wasikilizaji wake wajue kwamba ngozi yao haikuwahi kuwa kizuizi cha hekima.

Mbegu iliyosambaa

Mwaka huohuo wa 1797, Waafrika wa Philadelphia waliomba loji yao chini ya ile ya Boston. Kiongozi wao alikuwa Absalom Jones. Yeye na Richard Allen ndio waliowaongoza watu weusi wa mji huo kuuguza wagonjwa na kuzika wafu wakati wa homa ya manjano ya mwaka 1793, pale wengi wenye uwezo walipokuwa wamekimbia. Hapa tena tunakutana na kazi ileile: mgonjwa, maiti, na mtu wa kusimama naye.

Prince Hall alifariki tarehe 4 Desemba 1807. Baada yake loji zikaongezeka na kuchukua jina lake. London iliifuta loji ya Boston katika daftari zake mwaka 1813. Mwaka 1827 loji ikatangaza kujitegemea. Mwanachama wake mmoja, David Walker, aliyekuwa na duka la nguo mjini humo, alichapisha mwaka 1829 kitabu kikali cha kuupinga utumwa ambacho majimbo ya kusini yaliogopa kukiona kikisomwa. Loji za Wazungu ziliendelea kuwakataa. Connecticut ilikuwa ya kwanza kuwatambua ndugu hao, mwaka 1989, na London ikaitambua tena loji kuu ya Massachusetts mwaka 1994.

Uadilifu unatutaka tutaje na upungufu. Chama kilichohubiri undugu wa watu wote kiliwabagua watu kwa rangi karne mbili. Wanawake hawakuingizwa, na ada na masharti viliwaacha nje mafukara wengi. Kiapo cha siri, ambacho ni moja ya sababu za wanazuoni kukataa, kilikuwapo Boston kama kwingineko.

Tunachukua nini

Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishuhudia nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an mapatano ya watu wa Makka ya kumtetea kila aliyedhulumiwa, baada ya mfanyabiashara kutoka Yemen kunyimwa haki yake. Waliopatana hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, baada ya Uislamu aliyasifu mapatano hayo, akaeleza kuwa angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Basi jema halibadiliki kuwa baya kwa sababu limetendwa na asiyekuwa wetu.

Jema la watu wale wa Boston linafahamika wazi, na halihitaji kiapo cha siri. Walizikana. Waliandika. Walifuatilia. Walijua nani katika jamii yao hajaonekana tangu juzi. Barua zao na daftari zao zimebaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeona umuhimu wa kuandika tarehe na majina. Sisi tunaoshika daftari za kamati za misikiti tunajua jinsi kazi hiyo inavyoonekana ndogo, mpaka siku linapozuka suala la kiwanja, la mirathi ya yatima au la mchango wa maziko. Msikiti wenye mfuko wa maziko unaohesabiwa kwa uwazi, wenye orodha ya wajane na yatima wa mtaa, na wenye watu wawili watatu wanaoweza kuandika barua kwa diwani kuhusu shule isiyo na madawati, una kila kilichoipa nguvu loji ile, tena juu ya msingi wa tauhidi.

Na kwa kijana aliyepokea ujumbe wa simu wa kumwahidi utajiri: Waafrika wale walikuwa mafundi na wachuuzi, na mwanachama alitoa ada, hakugawiwa hazina. Miaka mingi ya kumbukumbu zao imejaa maombi yaliyokataliwa na yaliyoandikwa upya. Anayekuomba fedha leo ili uwe tajiri kesho hana loji wala undugu na mtu yeyote. Mwonyeshe mzazi wako au imamu wako ujumbe huo kabla hujatuma hata shilingi moja.