Fahamu: RNA hutokaje ndani ya kiini cha seli?

RNA ujumbe, yaani mRNA, ni nakala ya maagizo ya DNA. Hunakiliwa ndani ya kiini, lakini protini hutengenezwa nje, kwenye ribosomu. Lazima basi ivuke utando wa kiini.

Mlango wenyewe

Utando huo una matundu yaliyojengwa kwa protini za aina 30 hivi. Molekuli ndogo hupenya zenyewe. mRNA huhitaji mbebaji, hasa protini iitwayo NXF1. Kwa kawaida hairuhusiwi kutoka kabla vipande visivyohitajika havijakatwa. Ukaguzi huu ni muhimu mno, kwani nakala yenye kasoro ingeweza kuzaa protini mbovu.

VVU hupitaje?

Virusi vya UKIMWI huhitaji baadhi ya RNA zake zitoke nzima, bila kukatwa. Protini yake, Rev, huzishika na kuziunganisha na mbebaji mwingine, CRM1, anayezivusha. Bila Rev, virusi vipya haviundwi.

Na chanjo za mRNA?

Chanjo za UVIKO-19 hazihitaji njia hii: mRNA yake hufanya kazi nje ya kiini, wala haiingii humo.

Dawa

Selinexor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu mieloma, aina ya saratani ya damu, huizuia CRM1 ili protini zinazodhibiti uvimbe zibaki ndani ya kiini.