Kujipima kwa Ajili ya Jaketi la Ngozi

Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, umekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa wastani, joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Kwa hesabu hiyo peke yake, Tunduma ni baridi kuliko pwani kwa nyuzi zinazokaribia 10. Mwendesha bodaboda atokaye Vwawa alfajiri ya mwezi Juni au Julai haelezwi faida ya jaketi la ngozi. Upepo umekwisha kumweleza.

Anunuaye jaketi la mtumba hulivaa papo hapo akajua kama linamfaa. Lakini yupo aagizaye jaketi jipya kwa fundi aliye mbali, Mbeya au Dar es Salaam, naye hupeleka tarakimu tu kwa njia ya simu. Akikosea tarakimu, fedha alizoziweka akiba kwa miezi mingi zimekwenda, kwa maana ngozi haina tabia ya kitambaa. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi, na sindano hupenya baina yake. Mshono ukifumuliwa na nguo ikapigwa pasi, alama hufifia. Ngozi, kwa upande wake, ni msokotano wa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo sindano huzikata. Tundu likishatobolewa halizibi tena. Kwa hiyo jaketi lililobana haliwezi kupanuliwa kwa kufumua pindo, na fundi mwenye busara huogopa mkasi kuliko mteja aogopavyo bei.

Nambari iliyomo ndani ya kola haitoshi kuwa mwongozo. Jaketi la Uingereza au Marekani lenye nambari 40 lina maana ya kifua cha inchi 40, yaani sentimita 101.6. Katika nchi nyingi za Ulaya bara, mtu huyo huyo hupewa nambari 50, ambayo ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita. Ama herufi M na L, kila kiwanda kina desturi yake.

Tuseme kijana amejipima kifua juu ya shati jepesi, akapata sentimita 96. Je, jaketi lenye mzunguko wa sentimita 96 litamtosha? Hapa somo la duara lina kazi. Mzunguko wa duara ni nusu kipenyo mara 2 mara 3.14. Sweta yenye unene wa milimita 4 huongeza milimita 4 katika nusu kipenyo, kwa hiyo huongeza 2 × 3.14 × 4, yaani milimita 25 katika mzunguko. Hiyo ni inchi nzima! Kinachostaajabisha ni kwamba ongezeko hilo halitegemei ukubwa wa mwili: mnene na mwembamba, wote huongezewa inchi ile ile. Kifua cha binadamu si duara kamili, lakini kanuni hiyo hufuatwa kwa karibu na umbo lolote la mviringo lisilo na mabonde.

Ngozi nayo ina unene wake. Ngozi ya milimita 1 pamoja na bitana ya milimita 1 hufanya mzunguko wa ndani uwe mdogo kuliko wa nje kwa milimita 12.6, takriban nusu inchi. Inchi moja na nusu zimekwisha kumezwa kabla mwenye jaketi hajavuta pumzi. Naye akivuta pumzi kwa nguvu baada ya kuitoa yote, kifua cha kijana mwenye afya huweza kutanuka kwa sentimita 5. Si ajabu, basi, jaketi la kuvaliwa juu ya sweta kukatwa likiwa na nafasi ya inchi 4. Jambo la lazima ni kumwambia fundi waziwazi kama tarakimu iliyopelekwa ni ya mwili au ya jaketi. Mteja akiongeza nafasi kimyakimya, na fundi akaongeza yake, litashonwa gunia.

Kujipima peke yako ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtu akiinua mikono kuishika futi, mabega hupanda na misuli ya kifua hubadili umbo. Akiinama kuisoma, mgongo hurefuka. Afadhali amwombe mwenzake. Futi yenyewe ilinganishwe kwanza na rula ya chuma, kwani utepe wa zamani huvutika. Watu wengi huhofia futi ikilala mshazari. Kwa kweli, katika kifua cha sentimita 96, futi iliyoshuka sentimita 5 upande wa mgongo huongeza kiasi cha milimita 6 tu. Ubaya ulio mkubwa zaidi ni kwamba imeihama mifupa ya mabega, mahali ambapo mwili ni mpana. Kipimo kirudiwe mara tatu, na futi iondolewe kila mara. Tofauti ikizidi sentimita 1, ianzwe upya.

Tena ipo hali ya mwili. Mwendesha pikipiki hasimami wima kama askari gwarideni. Akishika usukani, mikono huenda mbele, mgongo hupanuka na viwiko hukunjika. Urefu wa mkono hauna budi kupimwa kiwiko kikiwa kimekunjwa, kuanzia ncha ya bega, kupitia nje ya kiwiko, hadi kifundoni. Urefu wa mgongo huanzia kwenye mfupa uliojitokeza chini ya shingo, ambao ni pingili ya 7 kutoka juu. Upana wa mgongo, kutoka mkono hadi mkono, upimwe mara mbili: mikono ikining'inia, na mikono ikiwa mbele. Wanafunzi wanaweza kuyajaribu haya darasani kwa futi moja na kiti kimoja, wakaandika tofauti ya vipimo hivyo viwili kwa kila mwenzao.

Palipo na fundi karibu, iko njia ya kale isiyohitaji imani katika tarakimu. Jaketi hushonwa kwanza kwa kitambaa cha marekani, kisicho na bitana wala mifuko. Marekani ikitosha, bado unene wa ngozi na bitana hauna budi kuhesabiwa. Mteja huivaa juu ya sweta yake, akapanda pikipiki iliyozimwa, akashika usukani na kugeuza kichwa nyuma. Panapovutika, fundi hufumua, na matundu ya sindano hayamgharimu mtu chochote.