Dhahabu Inayochoma Saratani

Wachimbaji wa Namungo, Ruangwa, hupima dhahabu kwa gramu. Wataalamu wa Marekani huitandaza juu ya chembe za silika zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hupitishwa katika damu, zikanasa ndani ya uvimbe kwa kuwa mishipa yake huvuja. Kisha humulikwa kwa mwali wa leza unaopenya nyama bila kuiunguza. Dhahabu hupata moto, seli za saratani hufa. Mwaka 2019 yalitangazwa majaribio ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Ni majaribio bado. Atakayekuuzia vumbi la dhahabu Nachingwea ulinywe, anakuibia. Joto lililokwisha kufika nchini ni la kuchoma dalili za awali kwenye mlango wa kizazi, kazi ya dakika chache, kabla haijawa safari ya Ocean Road.