Kilo na Nusu: Mashine Isomayo Tokeni (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo maandishi yamekwisha kukatwa vipande, na kila kipande tukakiita tokeni. Wasomaji kadhaa wameuliza kama ndizo hizihizi tokeni za umeme wa LUKU. Swali lao ni zuri kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo leo naanzia hapo.

Tokeni ya umeme ni namba ya tarakimu 20. Ndani yake mna biti 66: mbili za kutaja aina ya ujumbe, na 64 zilizofichwa kwa ufunguo ambao mita yako inao. Ujumbe wa kuongeza umeme ukifunguliwa, hukutwa humo kiasi cha uniti, biti za kuhakiki kama namba haikukosewa, na wakati ilipotolewa. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24, nayo hutosha dakika 16,777,216 basi. Dakika hizo ziliisha 24 Novemba 2024. Ndiyo maana, kuelekea tarehe hiyo, mteja wa TANESCO akinunua umeme alitumiwa namba tatu badala ya moja: mbili za kwanza kubadilisha ufunguo wa mita, ya tatu kuleta uniti. Tulibonyeza tarakimu 60 huku tukinung'unika, wengine kwa tochi ya simu mdomoni. Mita yenyewe ilikuwa ikipokea namba ya kwanza, ikakumbuka kwamba kazi iko nusu, ikangoja ya pili. Anayeanza na ya tatu hukataliwa, maana hiyo imefichwa kwa ufunguo mpya ambao mita haijaupata. Namba ni zilezile. Mfuatano ndio uliobadilika.

Hiyo ndiyo mada yetu. Tokeni zinakuja moja baada ya nyingine, kama maji bombani, na msomaji wake lazima ajue kila mara amefika wapi.

Sasa twende Msalato siku ya Jumamosi. Mnada ule wa kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Kondoa, kila mkazi anaujua kwa mifugo na kwa moshi wa nyama choma. Simama karibu na jiko usikilize wateja wanavyoagiza. Hakuna anayesema sentensi kamili. Wanasema: kilo mbuzi. Kilo na nusu mbuzi. Kilo na ndizi nne. Asiyetaja nyama amemaanisha mbuzi, hilo halihitaji maelezo. Mchomaji anageuza mbavu, hainui hata macho, na hakosei.

Tuiandikie kompyuta oda hizo. Sarufi ya mnada ni ndogo: oda ni kitu kimoja au zaidi vilivyounganishwa kwa "na", kitu ni kipimo pamoja na jina la nyama, ambalo laweza kuachwa, au ni ndizi na idadi yake. Ugumu uko kwenye hilo neno "na". Lina kazi mbili. Katika "kilo na nusu" linakamilisha kipimo, na katika "kilo na ndizi nne" linafungua kitu kipya. Ukilisikia, bado hujui ni lipi. Unajua baada ya neno linalofuata.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni kuandika programu yenye "kama hivi, basi vile" zilizopandana kama matofali ya kuchoma. Inafanya kazi mpaka siku sarufi inapobadilika. Hapo utabomoa ukuta mzima kutoa tofali moja. Njia ninayoipendekeza ni kuunda mashine dhahania. Haina chuma wala waya. Ni programu fupi inayojifanya mashine, inayojua amri chache mno, nayo sarufi yako unaiandika kwa amri hizo, kwenye orodha iliyo nje ya programu. Mashine haijui chochote kuhusu nyama.

Ipe vitu vitatu tu. Kidole kimoja kwenye mkondo wa tokeni, kuonyesha iliyo mbele. Kidole cha pili kwenye orodha ya amri. Na msumari, kama ule wa mgahawani unaochomekwa karatasi za bili: karatasi ya mwisho kuchomekwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Hiki hapa kipande cha orodha kinachosoma kipimo kinachoanza na kilo:

10 LAZIMA kilo
11 ALAMA 15
12 LAZIMA na
13 LAZIMA nusu
14 FUTA 15
15 RUDI

LAZIMA maana yake: tokeni iliyo mbele iwe hii, ikiwa ndiyo, kidole kisogee, ikiwa siyo, tumeshindwa. ALAMA 15: andika karatasi inayosema "kidole cha tokeni kilikuwa hapa, na mambo yakiharibika nenda mstari wa 15," kisha ichomeke msumarini. FUTA 15: ng'oa karatasi hiyo, haihitajiki tena, nenda 15. RUDI: rejea kwa aliyekuita, ambaye naye aliacha anwani yake msumarini kabla ya kukuita. Na kushindwa? Kushindwa ni kung'oa karatasi hadi uifikie ya alama, ukarudisha vidole vyote viwili kama ilivyoandikwa. Msumari ukiisha bila alama, oda imekataliwa.

Tuijaribu kwa "kilo na nusu mbuzi". Mstari wa 10 unapata kilo. Wa 11 unachomeka karatasi. Kidole cha tokeni kiko kwenye "na". Wa 12 unapata na, wa 13 unapata nusu, wa 14 unang'oa karatasi, wa 15 unarudi. Aliyeita anakuta mbuzi mbele yake. Safi.

Sasa "kilo na ndizi nne". Mstari wa 10, sawa. Wa 11, karatasi. Wa 12 unapata na, unaimeza. Wa 13 unataka nusu, unakuta ndizi. Kushindwa. Mashine inang'oa karatasi, inasoma, na hapa ndipo napenda wanafunzi wangu wasimame kidogo: kidole cha tokeni kinarudi kwenye "na". Neno lililokwisha kumezwa limetapikwa, likarudi mkondoni likiwa zima, tayari kutumiwa na mwingine. Mstari wa 15 unarudi, aliyeita anaona hakuna jina la nyama, anaandika mbuzi, anakuta "na", anafungua kitu kipya: ndizi, nne.

Hakuna akili yoyote hapo. Kuna karatasi na msumari.

Mashine za namna hii zina umri. Mwaka 1964 Val Schorre, huko Los Angeles, alichapisha META II, mfumo uliogeuza sarufi kuwa amri za mashine ya kudhaniwa, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupima neno lililo mbele na kuruka kutegemea jibu. Mwaka 1971 Donald Knuth aliandika kwa kirefu juu ya mashine ya kuchanganua kutoka juu kwenda chini. Mwaka 2004 Bryan Ford alikuja na sarufi ambazo chaguo zake zina foleni: la kwanza hujaribiwa kwanza, likifaulu la pili halitazamwi. Miaka minne baadaye Sérgio Medeiros na Roberto Ierusalimschy wa Rio de Janeiro, huyo wa pili akiwa mmoja wa waliobuni lugha ya Lua, walieleza mashine ya kuendesha sarufi hizo. Amri zangu za Msalato ni za kwao, nimezivika kanzu.

Hilo la foleni lina gharama, nalo hudharauliwa. Mteja akisema "kilo na nusu maini", amemaanisha nini? Huenda kilo moja na nusu ya maini. Huenda kilo ya mbuzi, kama kawaida yake, pamoja na nusu ya maini. Kiswahili kinaruhusu yote mawili. Mashine itajibu bila kusita kwamba ni kilo moja na nusu ya maini, kwa kuwa mstari wa 14 ulitupa karatasi na njia ya pili haikutazamwa kamwe. Haitakuambia kwamba kulikuwa na njia ya pili. Mchomaji angeinua macho safari hii, akauliza. Kwa hiyo anayepanga mistari ya orodha ndiye anayeamua maana, na sijui kwa nini kazi hiyo mara nyingi hupewa kijana aliyeajiriwa juzi.

Hukohuko Msalato kuna sarufi nzito zaidi. Msalato ndipo penye uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Oktoba 2022, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Viwanja vya ndege huzungumza hali ya hewa kwa mkondo wa tokeni. Mfano huu nimeutunga kwa kutumia herufi za utambulisho za uwanja wa zamani wa Dodoma:

HTDO 121200Z 11014KT 9999 FEW026 29/13 Q1019=

Maana yake: Dodoma, tarehe 12, saa sita mchana kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa alasiri kwetu, upepo kutoka nyuzi 110 kwa noti 14, macho yanafika kilomita 10 au zaidi, mawingu machache kwenye futi 2,600, joto nyuzi 29, kiwango cha umande 13, kanieneo 1019. Alama ya usawa ndiyo nukta.

Ona palipo na mitego. Baada ya upepo panaweza kuja tokeni kama 080V150, ya upepo unaoyumba kati ya nyuzi hizo, au isije. Umbali wa kuona na mawingu vinaweza kutoweka vyote kwa pamoja, mahali pao pakakaa tokeni moja, CAVOK, anga ikiwa njema kiasi cha kutohitaji maelezo. Yote hayo ni ALAMA na LAZIMA. LAZIMA hapa inapima umbo badala ya neno moja: tarakimu tano kisha KT. Mashine ileile iliyosoma maini inasoma anga ya Dodoma. Umebadilisha orodha tu. Na kanuni za ujumbe zikibadilishwa na wakubwa wake, unapeleka orodha mpya. Programu iliyo kwenye simu na ile iliyo kwenye seva hazifunguliwi.

Kuna jambo moja la mkondo ambalo faili halina. Faili lote liko mezani, unaweza kurudi mwanzo utakavyo. Mkondo unapita. Je, mashine ihifadhi tokeni ngapi, isije ikatakiwa kurudi ikakuta zimekwisha kumwagika? Jibu liko msumarini. Tafuta karatasi ya alama iliyo chini kabisa. Tokeni kuanzia pale inapoelekeza zihifadhiwe, zilizotangulia zitupwe. Msumari usipokuwa na alama hata moja, hakuna cha kuhifadhi. Kwenye oda ya nyama, mashine haishiki zaidi ya neno moja au mawili, hata foleni ya wateja iwe ya kutwa nzima. Ukiandika sarufi inayoacha alama ya mwanzo bila kuifuta, kumbukumbu itajaa taratibu, na kosa utaligundua saa nane usiku.

Nirudi kwenye jiko. Nilipowapa wanafunzi orodha ya mistari sita, mmoja aliijaribu kwa "kilo na robo mbuzi". Ifuateni. Mstari wa 13 unataka nusu, unakuta robo. Unarudi kwenye "na". Kilo inapewa mbuzi kwa desturi. "Na" inafungua kitu kipya, robo mbuzi. Jumla ni kilo moja na robo ya mbuzi, na bei ni ileile. Alidhani imefaulu mpaka zikatoka bili za sahani mbili. Akajaribu "kilo na robo ng'ombe", na mteja akaandikiwa kilo nzima ya mbuzi asiyoiagiza.

Marekebisho ni mistari mitatu:

10 LAZIMA kilo
11 ALAMA 18
12 LAZIMA na
13 ALAMA 16
14 LAZIMA nusu
15 FUTA 17
16 LAZIMA robo
17 FUTA 18
18 RUDI

Ipitishe "kilo na ndizi nne" humo kwa penseli. Utafika mstari wa 14 ukiwa na karatasi mbili za alama msumarini. Nusu inashindwa, karatasi ya juu inakupeleka 16. Robo nayo inashindwa, karatasi ya chini inakurudisha kwenye "na", mstari wa 18. Wiki ijayo tutaona mashine ya Ken Thompson ya mwaka 1968, iliyokataa kurudi nyuma kabisa: badala ya karatasi msumarini, inaweka vidole vingi kwenye orodha ya amri kwa wakati mmoja.